Ukaguzi wa Jumamosi

Jumatatu, 4 Agosti

Baridi. Vumbi. Monsieur Fabrice, mkubwa wa mradi, kachelewa tena, na ufunguo wa biro, ofisi yetu, anao yeye. Tumesimama nje kama wagonjwa wa zahanati ya bure. Wiki hii tunaanza kambi ya zamani ya kampuni, ile ya upande wa reli. Kambi ya kwetu. Nimezaliwa pale. Mama bado anakaa pale, kwenye nyumba ileile aliyozaliwa yeye. Babu, baba yake mama, alifanya kazi ya kampuni, baba akamfuata, nyumba ikabaki kwetu. Fabrice sijamwambia. Hajauliza.

Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba na tableti, kuuliza maswali, kupiga picha. Mradi unaitwa wa kuboresha makazi. Kila nyumba itapata rangi kwenye ramani. Ya kijani itatengenezwa: bati jipya, maji, choo. Nyekundu, ikiwa karibu na mstari wa mpaka, itabomolewa kupisha miti. Wanataka ukanda wa miti kati ya kambi na nyumba mpya za mainjinia wa mgodi. Ili hewa ipite, anasema Fabrice. Kana kwamba hewa huwa inaomba ruhusa.

Kuta ni zetu, ardhi ni ya mgodi. Ndivyo ilivyo tangu wakati wa wazungu na hakuna aliyegusa hilo.

Jumatano, 6 Agosti

Leo jambo la ajabu. Wapimaji wamekuja na vyuma vyao vya kupigilia mpaka. Cha kwanza walikiweka nyuma ya choo cha Mama Chantal, jirani wa mama. Nyundo ikashuka, chuma kikagonga chuma. Wakachimba. Chini kulikuwa na chuma kingine, cha zamani, kimeliwa na kutu, kimeshikwa na sementi. Wakacheka. Wakaenda kwenye alama iliyofuata. Chuma tena. Iliyofuata vilevile. Hapo hawakucheka. Mmoja alivua kofia, na sijaelewa hadi sasa alimvulia nani.

Wazee wa kambi walisimama wakiangalia. Wao hawakushangaa. Zamani mpaka ulipita papo hapo: watu weusi huku, wazungu kule, na katikati pori tupu, ili mbu wa kwetu wasiwafikie. Bibi alitusimulia tukiwa watoto na sisi tulicheka sana habari ya mbu.

Nilimuuliza Fabrice kama ramani yetu imenakiliwa kutoka ile ya zamani. Akaapa kwamba hapana. Mstari umetolewa na kompyuta. Imepima upepo, kelele, mteremko wa ardhi. Kisha akafurahi: "Wale bazee balipima muzuri, Mama Georgette. Bametupunguzia kazi."

Namwamini. Hakunakili. Ndicho kinachonitia ubaridi. Mtu angenakili ningemkasirikia, yakaisha.

Chuma cha mwisho kimeingia uani kwa mama, kati ya kamba ya nguo na mlango wa jikoni.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimempelekea mama unga. Nimekuta masufuria yote nje, juu ya meza, kutoka kubwa mpaka dogo, yanang'aa kama kioo. Godoro limeegemezwa ukutani. Chandarua kimekunjwa. Ua umefagiliwa, mistari ya ufagio imenyooka, hakuna hata alama ya mguu. Na mama kasimama mlangoni, amevaa kitenge cha kanisani, mikono nyuma.

Nikamuuliza, "Mama, uko nafanya nini?"

"Leo ni siku ya kuangalia nyumba."

"Nani anakuja?"

"Bale ba kuangalia." Akacheka, kana kwamba mimi ndiye mtoto.

Ninaijua hadithi hiyo. Alipokuwa msichana mdogo, kila Jumamosi chef de camp, mkuu wa kambi, alipita na fimbo yake. Aliangalia masufuria, aliangalia chini ya vitanda. Mwanamke mchafu alitajwa mbele ya kambi nzima, na mume wake alikatwa posho. Mambo hayo yalikwisha kabla sijazaliwa. Mama aliyasimulia leo kwa furaha, kama mtu anayesimulia harusi.

Hakuja mtu, bila shaka. Alisimama hadi jua likafika barazani, kisha akaingiza vitu vyake ndani, kimoja kimoja.

Nilidhani akili inamtoka. Nikampima kwa ujanja: majina ya wajukuu, nani alizikwa juzi, makala ya kupikia yamepanda bei kiasi gani. Yote anajua kuliko mimi. Akili iko. Afadhali ingekuwa imetoka kidogo, ningejua la kufanya.

Jumanne, 12 Agosti

Zamu ya nyumba ya mama. Nimekaa naye jikoni, tableti mapajani, nikajifanya mgeni. Swali la kwanza: je, ua unafagiliwa kila siku? Akajibu ndiyo. Kisha, kabla sijasoma la pili, akasema vyombo havilali chini. Lilikuwa la pili. Kisha akasema hakuna mgeni anayelala ndani bila kujulikana. La tatu. Akaendelea hivyo hivyo akikoroga uji, bila kunitazama. Hakuna mimea chini ya dirisha. Maji machafu hayamwagwi njiani. Pombe haipikwi. Alipomaliza, niligeuza ukurasa, na ukurasa uliofuata ulikuwa mtupu.

Sitanii.

"Nani alikuambia haya maswali?"

"Mutoto wangu, ile njo maswali. Kuko ingine?"

Jioni nikamwuliza Fabrice nani aliyaandika. Mshauri mmoja Ulaya, kijana, hata Kongo hajafika. Kayatunga kutokana na mbinu bora za dunia nzima. Fabrice alilitamka hilo kwa heshima. Yeye mwenyewe ni mtoto wa mji wa Likasi, babu yake alikuwa kambini kama wangu. Si mtu mbaya. Anawapenda watu kweli. Anataka wapate choo.

Alhamisi, 14 Agosti

Rangi za mwanzo zimetoka. Nyumba ya mama ni ya njano. Njano maana yake inaweza kwenda kokote, kijani au nyekundu. Kamati ya wafadhili itakuja kujionea yenyewe, halafu itaamua. Siku waliyochagua ni Jumamosi, tarehe 30. Nikauliza kwa nini Jumamosi. Ndege, akasema Fabrice. Tarehe za ndege.

Mama ana karibu miaka themanini. Hiyo nyumba ikibomolewa atakufa. Nasema waziwazi hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Atakufa, na mimi ndiye nitakuwa nimepiga picha.

Jumamosi, 16 Agosti

Wazee wote wa mtaa wetu wametoa masufuria nje.

Hilo ningelielewa. Wameonana, wameigana, uzee una michezo yake. Lakini Mama Chantal naye! Msichana wa juzi, kaja kambini kwa kuolewa, mume wake ni mchimbaji wa kule mashimoni, ukaguzi hakuwahi hata kuusikia. Kasimama mlangoni na mtoto mgongoni, mikono nyuma, masufuria mezani, kutoka kubwa mpaka dogo.

Nikamwambia, wewe nani kakufundisha?

"Sijuwe, Mama Georgette. Niliamuka, mikono ikaanza kufanya."

Mtaa mzima kimya, kuku peke yao ndio waliokuwa wakitembea. Nikatoka pale haraka, nusura nianguke kwenye mfereji.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda misa. Nimekaa nikawaza na nimeamua.

Haya. Wanataka usafi? Watapata usafi. Mama yangu atakuwa wa kwanza kambi nzima, na nyumba yake itakuwa kijani, na huo mstari wao utapinda. Mimi si mjinga. Maswali ninayo, ninajua wanapenda nini. Nimetumia kichwa changu miaka yote hii kwa ajili ya miradi ya watu, sasa nitakitumia kwa ajili ya mama.

Fabrice hatajua. Akijua, shauri yake.

Jumamosi, 23 Agosti

Wiki nzima nimekwenda kwa mama baada ya kazi. Nimenunua chokaa. Tumepaka kuta pamoja. Nilitaka kung'oa matembele yake chini ya dirisha, nikaogopa kumwambia, maana anayamwagilia kama watoto. Nilipofika yalikuwa yameshang'olewa. Amepasawazisha pale, udongo mtupu, kama vile hapakuwahi kuota kitu. Nikamuuliza kama haimuumi. Akasema matembele yanaleta mbu.

Maisha yake yote amekula yale matembele.

Kuta tulipomaliza alichukua lami iliyobaki kwenye kopo la baba akapaka chini ya ukuta, mstari mweusi kuzunguka nyumba nzima, unafika gotini. Mkono wake haukutikisika. Nikarudi nyuma nikaangalia. Nyeupe juu, nyeusi chini. Nyumba ilikuwa mpya na ya zamani kwa pamoja. Sikupenda kuitazama sana.

Lakini mama kapata nguvu. Anaimba. Anakula bukari, ugali wetu, mpaka anakwangua sahani. Siku nyingi sikuwa nimemwona hivyo na najua sababu, na sababu yenyewe inaniudhi: anaamini wale wa kampuni ya zamani wanarudi. Wale wa maziwa, wale wa posho ya mchele, wale wa hospitali bila foleni. Anasahau fimbo. Au hasahau, ila anaihesabu kuwa sehemu ya maziwa. Nilimwambia mama, hawa si wale. Akaniangalia kwa huruma.

Jumamosi, 30 Agosti

Kamati imekuja.

Nitaandika kwa kifupi. Bibi mmoja wa Ulaya, mpole, mwenye kofia pana. Bwana mmoja wa wizara kutoka Kinshasa, mwenye simu. Fabrice. Mimi nyuma na tableti.

Tulipoingia mtaa wetu, wanawake wote walikuwa milangoni. Wote. Vitenge vya kanisani, mikono nyuma, macho mbele. Masufuria mezani, magodoro ukutani. Hakuna aliyewaita. Nimeapa mara ngapi leo kwamba hakuna aliyewaita! Yule bibi mwanzoni alitabasamu, akasema wamejiandaa vizuri. Tulivyozidi kwenda, tabasamu likapungua. Alianza kutembea taratibu. Akaninong'oneza kwa Kifaransa: nani amewaambia wasimame? Nikamwambia, hakuna. Hakuniamini. Mimi pia nisingejiamini.

Mama alitoa heshima kwa goti. Sijawahi kumwona mama akipiga goti kwa mtu asiye padri.

Kisha Fabrice. Alikuwa ameshika fimbo ya mbao ya wapimaji, ya kupimia urefu wa milango. Akaingia ndani kwa mama bila kukaribishwa. Akapitisha kidole juu ya fremu ya mlango, akakiangalia. Akaenda kwenye kitanda, na kwa ncha ya fimbo akainua ukingo wa shuka, akainama, akaangalia chini. Polepole. Kama mtu aliyefanya hivyo kila wiki ya maisha yake. Mama akasema, kwa sauti ndogo ya kitoto ambayo siijui, "Iko safi, chef."

Yule bwana wa wizara akaacha simu.

Fabrice aliendesha gari hadi katikati ya mji, kwenye mabenki. Hapo akaniuliza, akiangalia mikono yake: "Mama Georgette, ni mimi nilifunua kitanda cha ule mama?"

"Ni wewe."

"Juu ya nini nilifanya vile?"

Nilitaka kumtukana. Lakini alikuwa anaogopa, uso wake ulikuwa wa jivu. Nikamwambia apumzike, ni jua.

Jumanne, 9 Septemba

KIJANI! Nyumba ya mama ni ya kijani! Nimecheza peke yangu chooni kwenye biro kama mwendawazimu. Mstari umepinda. Unafika kwa mama, unazunguka ua, unaendelea. Kompyuta yao imesalimu amri kwa masufuria ya mama yangu.

Jioni.

Nyumba ya Mama Chantal ni nyekundu. Wadogo wa mume wake wanalala sebuleni, na wengi kupita kiasi ni alama mbaya. Mimi ndiye niliyepiga picha ya mikeka yao. Nilikwenda kumweleza. Alinisikiliza akimnyonyesha mtoto, halafu akasema, "Njo weye uliandika." Basi. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Aliniuliza kosa lake liko wapi, maana hata yeye alitoa masufuria. Nikamwachia sukari niliyokuwa nimemletea mama.

Ijumaa, 19 Septemba

Mkutano bironi. Fabrice alileta soda. Nilijua kuna jambo, yeye haleti soda.

Nyumba ya mama imekuwa ya kwanza kambi nzima. Kamati imevutiwa mno. Yule bibi wa Ulaya, inaonekana, alipofika kwao hofu ilimtoka, zikabaki picha. Wameamua iwe nyumba ya mfano. Watu wataletwa kutoka kambi nyingine, kutoka Likasi, kutoka Sakania mpakani, waone nyumba inavyotakiwa kuwa. Itabaki vilevile: chokaa, lami, masufuria mezani. Rangi hizo hizo zitapakwa nyumba zote za kijani. Wametafuta rangi nzuri kila mahali, anasema, na hizo ndizo bora.

Nikauliza: na mwenye nyumba?

Nyumba ya mfano haikaliwi, akasema. Watu wakikaa inachafuka. Mama atapewa chumba mahali pengine, au akae na mwanae, kama ana mwana mjini.

Nikamwambia: mwana ndiye mimi.

Mashine ya hewa ikawa inanguruma. Fabrice aliweka chupa chini. Nilidhani atasema neno la kiutu. Akasema, "Sasa ni muzuri. Itakuwa rahisi."

Na jambo baya zaidi ni kwamba hakuwa na ubaya. Alifarijika kweli. Aliona mama ana pa kwenda.

Nimetoka nikatembea kwa miguu hadi mtaa wa Kenya, komini ya hapa mjini, nimeipita yote sioni kitu. Nilipigana ili nyumba isibomolewe. Haibomolewi. Nimeshinda. Mjinga mimi, mjinga mkubwa, sikuwahi hata mara moja kuwaza kwamba wanaweza kuipenda nyumba bila mama.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimemwambia. Nilijitayarisha kwa machozi, kwa laana, kwa kukataa. Nilitaka akatae. Ningekaa naye mlangoni, waje watutoe tuwaone.

Alikuwa amesimama pale pale, mikono nyuma. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ilikuwa safi?"

"Ilikuwa safi sana, mama. Ya kwanza kambi nzima."

"Basi."

Hapo nikapandwa na hasira, nikapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Nikamwambia huyu si chef, ni Fabrice wa Likasi, ana kisukari na madeni ya gari! Nikamwambia nyumba ni yako, umezaliwa humu, umezaa humu, baba katolewa humu kwenye jeneza! Yeye akanishika mkono akanivuta ndani. Si kwa ajili ya aibu. Alichungulia barabarani, kushoto na kulia, akafunga mlango.

"Usipige kelele siku ya leo," akasema. "Batasikia."

Barabara ilikuwa tupu. Niliichungulia mwenyewe.

Jumamosi, 4 Oktoba

Joto. Mama yuko kwangu wiki ya pili sasa. Chumba cha nyuma. Alikuja na mfuko mmoja tu, vyombo vyote vimebaki kule, ni vya mfano.

Anakaa ukingoni mwa kitanda. Hajilazi mchana. Ukimpa chai anasema aksanti kama mgeni, anauliza kikombe akiweke wapi. Nyumba yangu ni chafu, watoto wanatupa viatu kila mahali, na yeye hasemi kitu. Zamani angenisema mpaka nilie. Natamani aniseme. Nimeacha sahani za jana mezani makusudi, nikamtazama. Akageuza macho.

Pale kwa Mama Chantal miti imeshapandwa. Vijiti tu. Yeye na mume wamekwenda Kasomeno, wanasema. Sijui. Hakuaga mtu.

Nilifikiria kuacha kazi. Sijaacha. Nani atalisha watu hawa wote? Naandika hivyo nisijidanganye baadaye kwamba nilikuwa na sababu nyingine.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kesho ufunguzi. Mimi ndiye wa kuwaonyesha wageni nyumba. Fabrice alinichagua mimi kwa sababu naijua vizuri. Alisema hivyo bila kuona haya, akanyoosha shati lake. Amepunguza uzito. Ile fimbo ya mbao hatembei bila hiyo siku hizi, hata bironi, na watu wameacha kumuuliza.

Mama amealikwa. Nilimwambia asiende. Kitenge chake kimeshapigwa pasi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mvua ya kwanza ilinyesha asubuhi, kidogo, vumbi likalala.

Wageni walikuja na basi. Niliwapitisha vyumba vyote. Nikasema hapa wanalala wazazi, hapa watoto, hapa ndipo mama anapopikia. Walipiga picha. Wengi walisema wangependa kambi yao iwe hivi. Walisema kweli, niliwaona machoni.

Wakaondoka kwenda kwenye hotuba. Nikabaki ndani peke yangu, nimevaa fulana ya mradi, nikipangusa alama za vidole mezani.

Mama alikuwa nje. Alikuwa amevua viatu, ameviweka pembeni, amesimama mbele ya kizingiti. Mlango ulikuwa wazi. Hapakuwa na mtu wa kumzuia. Alinitazama lakini sidhani kama aliona mwanawe, aliona ile fulana.

"Hodi," akasema.

Nikangoja aingie. Hakuingia.

"Hodi."

Nikamwambia karibu.